Kisu cha kukunja kimelegea, hakikati na loki inaachia. Nitengeneze au nitupe?

Kobe_Mwendo

Wakuu habari zenu. Mwenzenu nina kisu cha kukunja nimekaa nacho miaka mitatu sasa, ni vile vya loki ya ulimi, ule ukanda wa chuma ulioko ndani ya mpini ambao ukifungua bapa unaruka kati na kulizuia lisirudi, ukitaka kufunga unausukuma pembeni kwa kidole gumba. Mpini wa plastiki ngumu nyeusi, skrubu za nyota. Nilikipenda sana ila sasa kimeanza visa.

Kwanza bapa linacheza kushoto kulia, ukikitikisa kinalia tiki tiki kama kiberiti kilichobaki njiti mbili. Pili hakikati, juzi nilikuwa nakata kamba ya katani nikaishia kuisugua tu mpaka kamba ikaota ndevu lakini haikukatika. Tatu na hii ndo imenitoa jasho, nilikuwa nafungua boksi, nikakandamiza kidogo ncha iingie, loki ikaachia na bapa likajifunga kwenye vidole. Bahati nilikuwa nimevaa glavu, imekata glavu na kunigusa ngozi tu.

Sasa nimegawanyika. Upande mmoja nataka kununua kingine kabisa. Upande mwingine nilishakuwa na mpango nacho, nilitaka nikibadilishe mpini niweke wa mbao, bapa nilifanye jeusi kwa siki kama nilivyoona watu wanafanya, alafu kuna jamaa ana grainda kasema ataninolea dakika mbili tu kitakuwa wembe. Mnanishaurije?

Radi_Kavu

Tupa nunua kingine mkuu. Kisu kikishakugeuka mara moja kitarudia.

Fundi_Kinoo

Radi acha haraka bwana, hicho kisu kinaweza kuwa kizima kabisa na shida ikawa ni uchafu.

Kobe nijibu haya kwanza. Tangu ununue umewahi kufungua skrubu ukakisafisha ndani? Ukifungua bapa mpaka mwisho, ule ulimi unakaa wapi kwenye kitako cha bapa, umegusa pembeni tu kwa mbali, umekaa katikati, au umevuka mpaka umegonga upande wa pili? Na kwenye bapa pameandikwa chuma gani? Angalia karibu na mpini, huwa kuna maandishi madogo.

Na huyo jamaa wa grainda mwambie umesafiri.

Kobe_Mwendo

Hahaha sawa mkuu. Majibu: sijawahi kukifungua hata siku moja, kikikaza nilikuwa napuliza WD-40 nafungua nafunga basi kinalainika. Ulimi umegusa pembeni kidogo sana, kama unene wa kadi ya simu hivi. Chuma pameandikwa 8Cr13MoV.

Fundi_Kinoo

Basi ugonjwa umeshausema mwenyewe. Miaka mitatu mfukoni na hakijafunguliwa, manyoya ya suruali, mchanga, gundi ya maboksi, vyote vimeingia mle ndani na wewe ukavilowesha WD-40 vikawa uji. Hiyo WD-40 si mbaya kwa kazi yake, hizo herufi mbili zenyewe ni kifupi cha Kiingereza cha kufukuza maji, inafaa kutoa unyevu na kulainisha uchafu. Lakini ya kawaida haikai kama kilainishi cha kudumu, inakauka na kuacha utando, na utando unanasa vumbi, we unapuliza tena, miaka mitatu hiyo.

Sasa ulimi wa loki ili ushike lazima uso wake ukutane na uso wa kitako cha bapa chuma kwa chuma. Pakikaa kauchafu kamegandamana hapo katikati, ulimi hauingii wote, unaning'inia pembeni kama huyo wa kwako, ukikandamiza ncha unateleza na bapa linarudi kwenye vidole.

Fanya hivi. Tafuta bisibisi za nyota, visu vingi vya aina hiyo skrubu za mpini na klipu ni T6 na ile kubwa ya katikati inayoshika bapa, tuiite pini, mara nyingi ni T8. Usilazimishe bisibisi isiyo saizi yake, hizo skrubu ni laini, nyota ikishaliwa ikawa duara umekwisha. Kaa mezani sio kitandani, tandika kitambaa cheupe, na kila kinachotoka kipange kwa mpangilio wa kilivyotoka au kipige picha. Kuna washa mbili nyembamba, yaani viduara vyenye tundu katikati, moja kila upande wa bapa, za shaba au plastiki, hizo zikianguka chini kwenye zulia utazitafuta na magoti mpaka usiku. Kama cha kwako kinatumia beringi badala ya washa basi kuwa makini zaidi.

Osha bapa, washa na vyuma kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, sugua na mswaki wa zamani, sana sana kwenye uso wa ulimi na kitako cha bapa. Angalia na kwenye ulimi kuna kigololi kadogo kama kichwa cha pini, hicho ndo kinashikilia bapa lisifunguke mfukoni, kisafishe pamoja na kashimo kake kwenye bapa. Futa kwa spiriti, kausha kabisa. Alafu mafuta, na hapa watu ndo wanaharibu, tone moja kila washa, moja. Mafuta ya cherehani yanatosha sana. Kwenye uso wa loki USIWEKE mafuta, pale tunataka pang'ang'anie sio pateleze.

Kukaza ndo ufundi wenyewe. Kaza pini mpaka bapa lisicheze kushoto kulia, alafu legeza kidogo sana, kama mshale wa saa unavyotembea kutoka kwenye kumi na mbili kwenda kwenye moja, jaribu, rudia. Unatafuta ile sehemu ambayo bapa halichezi ila ukilisukuma linaenda laini. Ukishaipata, kama pini ina tabia ya kulegea yenyewe itoe, weka gundi ya skrubu ile ya bluu tone dogo kwenye uzi wa skrubu tu, rudisha, iache usiku kucha. Bluu, sio nyekundu, nyekundu utakuja kuiomba itoke na moto. Na isiingie kwenye washa, nilishawahi kujigundishia kisu kizima kikawa rula.

Ukimaliza angalia tena ulimi umekaa wapi. Ukiona umeshika vizuri, theluthi hivi ya kitako au nusu, umepona. Ukiona bado unagusa pembeni tu na kila kitu kisafi, hapo ndo utamsikiliza Radi.

Mzee_wa_Ncha

Niongezee kwa Fundi. Kuna kucheza kwa aina mbili, watu wanachanganya. Kushoto kulia ni pini, unakaza. Juu chini, yaani kisu kimefunguliwa ukishika ncha na kuisukuma kuelekea mgongoni na kurudi unasikia kak kak, hiyo ni loki, na kukaza pini hakutasaidia hata ukaze mpaka mishipa ya shingo itoke.

Na jamani wale wa kujaribu loki kwa kugonga mgongo wa kisu mezani acheni, unaiua loki nzima kwa kuijaribu. Fungua, vidole vyote viwe nje ya njia ya bapa, kandamiza mgongo taratibu kwenye kitu laini. Inatosha kujua.

Tairi_Bovu

Mimi nimekuja kwa ajili ya grainda.

Nilikuwa na kisu kizuri, cha chuma cha kaboni, kimetunzwa, kilikuwa butu kidogo tu kama cha mwenye mada. Nikasema mashine ipo kwa nini nihangaike na jiwe. Nikawasha, nikakigusisha, cheche zinaruka najiona fundi, nikafika kwenye ncha nikakaa pale sekunde kama tatu nne hivi, naona ncha inageuka rangi ya majani makavu, nikawaza hii nini, kabla sijamaliza kuwaza imekuwa zambarau, alafu bluu. Nzuri kama shingo ya njiwa. Nikaichovya kwenye maji nikajua nimeokoa.

Sijaokoa kitu. Kile chuma kiwandani kinapashwa moto mkali, kinapozwa ghafla, alafu kinapashwa tena polepole kwenye joto la kama nyuzi 200 ili kiwe kigumu bila kuvunjika kama kioo. Bluu kwenye chuma cha kaboni maana yake umefika karibu 300, umeshapita kile kipimo chao, ugumu umeondoka. Na kuchovya kwenye maji baada ya hapo hakurudishi. Tangu siku hiyo ncha ya kisu changu ukiinoa asubuhi, jioni imelala. Nimekuwa naisaga kwa jiwe kidogo kidogo kuitoa ile sehemu iliyoungua, bapa limepungua kama sentimita nzima.

Cha kuudhi ni kwamba kwenye makali chuma ni chembamba kama karatasi, kwa hiyo kinaweza kuungua pale pembeni kabisa na wala usione rangi. Unadhani umenusurika kumbe.

Kobe_Mwendo

Duh pole sana mkuu. Jamaa wa grainda nimemwambia kisu kimepotea. Sasa kunoa kwa jiwe mimi kila nikijaribu kinakuwa butu zaidi, sijui mkono wangu mbovu?

Fundi_Kinoo

Mkono hauna shida, hujui tu jiwe linagusa wapi. Chukua makapeni, paka makali yote pande mbili mpaka ule mstari unaong'aa uwe mweusi wote. Pitisha kwenye jiwe mara tatu nne tu, alafu angalia. Wino ukitoka juu karibu na mgongo ukabaki kwenye makali yenyewe, umelaza kisu sana, hujagusa makali kabisa, unapaka rangi tu hapo. Wino ukitoka kwenye ncha ya makali pekee, umesimamisha sana. Unataka utoke wote kwa pamoja. Mi nimenoa miaka nikidhani najua mpaka siku nilipopaka wino nikaona aibu.

Pembe ni kama nyuzi 20 kila upande, au 17, sio lazima uwe na kipimo. Chukua karatasi, pembe yake ni nyuzi 90, ikunje katikati unapata 45, ikunje tena unapata 22 na nusu. Simamisha hicho kipande juu ya jiwe, egemeza kisu, jicho likariri. Shusha kidogo tu umefika. Cha muhimu zaidi ya namba ni mkono usibadilike, ukianza na 20 malizia na 20, anayeanza na 20 akamaliza na 35 ndo yule anasema jiwe bovu.

Anza na jiwe la 400 kama kimekufa kabisa (namba ikiwa kubwa jiwe ni laini zaidi), kisha 1000, ukipenda endelea 3000 ila kwa kisu cha kufungulia maboksi na kukata kamba 1000 inatosha na hata ni bora, makali yanabaki na meno madogo yasiyoonekana ambayo kwenye kamba yanang'ata. Noa upande mmoja TU mpaka usikie ukingo umepinda upande wa pili. Unausikia hivi: pitisha kidole gumba kutoka mgongoni kuelekea nje ya makali, sio kwenda na makali utajikata, kuvuka kuelekea nje, utasikia kama kucha iliyokatwa vibaya inakwaruza. Ukiusikia urefu wote kuanzia kwenye mpini mpaka ncha, ndo unageuza. Usipousikia usigeuze hata kama umechoka. Watu wengi makali yao yanafia hapo, wanageuza kabla.

Alafu huo ukingo utoe. Punguza nguvu, pitisha mara moja huku mara moja kule, nyepesi kama unafuta vumbi, malizia kwenye mkanda wa ngozi ukivuta kwa nyuma, mgongo ukitangulia. Ukiuacha huo ukingo kisu kitanyoa vinyweleo siku ya kwanza, siku ya pili kimelala, unaanza kulaumu chuma.

Kama huna jiwe, geuza kikombe cha udongo wa kauri, kile kiduara cha chini kisichopakwa vanishi. Kinanoa vizuri tu kama kisu hakijafa sana.

Na 8Cr13MoV ni rafiki wa anayejifunza, kina kaboni kama 0.8% na kromu kama 13%, hakishiki kutu kirahisi na kinanoleka haraka. Hakikai na makali muda mrefu kama vyuma vya bei, lakini mtu asiyejua kunoa akinunua chuma kigumu atabaki na chuma kigumu kilicho butu.

Mama_Msasa

Haya mmemaliza makali, mimi nije kwenye mpini maana ndo ugonjwa wangu.

Kobe mwanangu, kwa kisu kama chako kuweka mbao inawezekana ila sio kazi ya kwanza ya kujifunzia. Zile plastiki za pembeni ndo zinabana kila kitu, unene ukikosea nusu milimita skrubu hazifiki au pini haibani, na loki yako tayari ina historia. Ukitaka kujaribu, toa upande USIO na loki kwanza, utumie ile plastiki ya zamani kama kielelezo, toboa matundu ukiwa umevibana pamoja. Upande wa loki uache mpaka mkono ukomae.

Kama unataka kisu cha kuchezea mpini, tafuta Opinel, cha Mfaransa. Joseph Opinel alianza kuvitengeneza Savoie 1890 na mpaka leo ni mbao, bapa, pini na pete ya chuma inayozunguka kufunga, hiyo pete imeongezwa 1955. Vina namba kwa ukubwa, wengi wanaanza na namba 8, bapa lake sentimita 8.5. Mpini ni mti wa mfinesi wa Ulaya... hapana nimechanganya, ni mti wanaouita biichi, mweupe hauna mistari mingi, unakubali msasa na kisu. Nimeshauchonga ukawa na umbo la samaki, nimeshauchoma alama kwa msumari wa moto, mmoja nimeuharibu ukawa mwembamba kama penseli, nautumia kufungulia barua.

Shida yake ni maji. Mbao ikilowa inavimba, inabana bapa, hufungui hata kwa meno. Wenyewe wa Savoie wanakigonga kitako cha mpini kwenye kitu kigumu, bapa linachomoza kidogo unalivuta. Tiba ya kudumu ni kutoa pete, kusugua ndani ya ule mfereji wa bapa kwa msasa uliokunjwa mara mbili, alafu kupaka mafuta ya kitani, safu nyembamba, subiri ikauke siku nzima, futa, rudia tatu nne. Harufu yake mimi naipenda, mume wangu anafungua madirisha.

Ila hapa nisikilizeni vizuri. Kitambaa ulichopakia mafuta ya kitani USIKIKUNJE ukakitupa kwenye ndoo ya taka. Yale mafuta yanapokauka yanavuta hewa na kutoa joto, kitambaa kikiwa kimejikunja joto halina pa kutokea, kinaweza kuwaka chenyewe bila kiberiti. Kitandaze wazi nje kikauke kikakamae, au kiloweshe maji kabisa.

Kobe_Mwendo

Mama hiyo ya kitambaa kuwaka sikuijua kabisa asante. Na ile ya kufanya bapa jeusi kwa siki?

Mama_Msasa

Kwa 8Cr13MoV yako sahau, kromu nyingi, siki itaosha tu mikono yako. Hiyo ni ya chuma cha kaboni. Kwenye Opinel ya kaboni, sio ya inox yaani stenlesi, unaosha bapa kwa sabuni, unafuta kwa spiriti na baada ya hapo usiliguse kwa vidole maana alama za vidole zitabaki pale milele, unapasha siki isichemke, unazamisha BAPA tu, pini na mbao vibaki nje. Dakika kumi unaona linakuwa kijivu, unatoa unafuta povu jeusi, unarudisha. Ukiridhika suuza kwa maji yenye magadi ya kuokea kidogo kuua ile asidi, kausha, paka mafuta. Makali yatakuwa yameliwa, noa tena. Wengine wanadona haradali kwa kidole madoa madoa, inatoka kama ngozi ya chui.

Na isikudanganye, ule weusi unapunguza kutu ila hauizuii. Ukilala na kisu kilicholowa utaamka na rangi ya chungwa.

Pole_Pole

Mimi nitakuwa tofauti na wote. Loki zenyewe zinawapa watu kiburi. Nimerudi kwenye visu visivyo na loki, vya springi ya mgongoni, na tangu hapo sijajikata, sababu najua kinaweza kujifunga muda wowote kwa hiyo sikandamizi ncha kijinga. Victorinox yangu ya milimita 91 nimekaa nayo miaka mingi, chuma chake sio kigumu sana, ni 56 kwenye kipimo cha Rockwell, kinoo kidogo tu kinarudi. Matunzo yake kichekesho, unazamisha kwenye maji ya uvuguvugu, unafungua na kufunga kila kifaa humo humo ndani ya maji mpaka uchafu utoke, unakausha, tone la mafuta kwenye viungo. Na plastiki za pembeni zimebanwa tu juu ya vichwa vya ribiti, zinabanduka ukizichokonoa polepole, unaweka rangi nyingine. Ukitaka kisu cha kuanza kujifunzia kubadilisha mpini, hicho hapo.

Alafu kuna nchi loki yenyewe ndo tatizo. Uingereza kwa mfano kutembea na kisu cha kukunja bila sababu maalumu ni sawa kama makali hayazidi inchi 3, yaani 7.62 sentimita, na HAKINA loki. Chenye loki hata kiwe kifupi kama kidole unatakiwa uwe na sababu ya maana. Kila mtu asome sheria ya alipo kabla hajanunua. Na ukipanda ndege kiweke kwenye begi la kukabidhi, usije ukamwachia afisa zawadi pale kwenye mashine.

Mzee_wa_Ncha

Pole_Pole nakubaliana na nusu. Kujikata kwa kisu butu ndo kwingi, kina loki hakina loki, sababu unatumia nguvu.

Kobe kama utanunua kingine, vitu viwili vitatu. Chuma kiwe kimetajwa jina. Mtu akikuandikia "chuma cha hospitali" au "stenlesi bora" bila jina hajakwambia chochote. Vile vyenye mawimbi ya Damasko kwa bei ya kutupa, mengi ni mchoro umechorwa juu ya bapa, ukisugua na msasa mawimbi yanaondoka. D2 kinakaa na makali vizuri ila watu wanadhani ni stenlesi, kina kromu kama 12% ila nyingi imefungwa na kaboni, ukikiacha na jasho kinaota madoa. 14C28N mimi ndo nakipenda kwa mtu wa kawaida, kutu hakijui na jiwe kinalipenda.

Ukikishika, kifunge ukitazame kwa juu, bapa liwe katikati ya mpini lisiguse upande. Kifungue utazame ulimi ulivyokaa. Kifunge kitikise ncha ikitazama chini, kisifunguke. Kikunje kwenye ngumi ukandamize kama unakata kweli, mpini mwembamba wa kupendeza unakuuma kiganja baada ya dakika tano. Kile cha mtumba angalia umbo la bapa, kikiwa kimetabasamu, yaani katikati pamelika na tumbo limekwisha, kimenolewa sana na watu wenye haraka.

Kobe_Mwendo

Wakuu nimerudi. Jana usiku nimekifungua.

T8 ilikuwa imegoma kwanza, nikakumbuka maneno ya Fundi sikulazimisha, nikaweka tone la mafuta nikasubiri, ikatoka. Mle ndani sijui niseme nini. Kulikuwa na manyoya ya suruali yamefungamana kama kiota cha ndege, na nyuma ya ulimi wa loki kuna kitu kigumu cheusi nikadhani ni sehemu ya kisu, nikakichokonoa kwa kijiti cha meno kikatoka kizima, ni gundi ya maboksi na mchanga vimegandamana, ukubwa wa punje ya mchele. Washa moja ilikuwa imeshika kutu kidogo nikaisugua. Washa ya pili ilianguka, ndio, kwenye zulia, ndio, magoti.

Nimerudisha, nimekaza nikalegeza nikakaza kama mara nane hivi. Ulimi sasa unakaa karibu nusu ya kitako. Nimekandamiza mgongo kwenye godoro vidole vikiwa mbali, haujasogea. Hakilii tena.

Makali nimeanza na wino. Nilikuwa nalaza sana, wino wote wa chini ulibaki. Imenichukua saa moja na nusu upande wa kwanza mpaka nikausikia ule ukingo, upande wa pili dakika ishirini. Kamba ya katani imekatika kwa mvuto mmoja, nikaikata tena vipande kumi na mbili bila sababu.

Mpini nauacha kwanza. Namba 8 naitafuta.

Fundi_Kinoo

Safi sana. Baada ya wiki moja angalia pini tena, huwa inalegea kidogo ikishazoea, hapo ndo uweke bluu.

Radi_Kavu

Naomba niulize bila kuchekwa. Mimi nilishatupa viwili kwa sababu hiyo hiyo ya kulegea, cha tatu kipo kwenye droo kinasubiri. Nimeangalia sasa hivi, skrubu ya katikati nyota imeshaliwa, bisibisi inazunguka tu haishiki. Kinapona?

Mama_Msasa

Hahaha karibu mwanangu. Weka kipande cha mpira wa kufungia vitu, ule mpana, kati ya bisibisi na skrubu, kandamiza kwa nguvu ndo uzungushe taratibu. Ikigoma, gusisha pasi ya kusodea kwenye kichwa cha skrubu kama nusu dakika, gundi ya ndani inalainika, jaribu tena kabla haijapoa. Na vile viwili ulitupa wapi?